Budondo Inahitaji Mbwa wa Kubweka, Si wa Kuangusha Mtu

Tarehe 1 Julai 2020 Jinja, nchini Uganda, ilipandishwa hadhi ikawa jiji, na Budondo, iliyokuwa kata ya vijijini kwenye ukingo wa mashariki wa Mto Nile, ikaingizwa katika Divisheni ya Kaskazini ya jiji hilo jipya. Mbale nayo ikawa jiji siku hiyohiyo. Ardhi ikipanda bei, watu wanajenga nyumba za kudumu mahali palipokuwa na migomba na miwa, na mwenye nyumba mpya akishaweka mlango wa chuma na taa ya sola, jambo linalofuata akilini mwake ni mbwa. Wala si mbwa yeyote. Anataka mbwa mkubwa, wa kizazi cha kigeni, mwenye jina, na mara nyingi uchaguzi huishia kwa wawili: Rottweiler au German Shepherd. Swali hilo huulizwa kana kwamba ni la ladha, huyu anapenda mweusi mnene, yule anapenda mwenye masikio yaliyosimama. Mimi nasema lina jibu. Kwa boma la kawaida la Budondo, au la vilima vinavyoizunguka Mbale, Rottweiler si chaguo sahihi. Anayeweza kumtunza mbwa mkubwa achukue German Shepherd, na asiyeweza asichukue yeyote kati ya hao wawili. Sababu haiko katika ubora wa damu ya mbwa, iko katika kazi tunayotaka ifanywe na mahali itakapofanyiwa.

Wote wawili asili yao ni Ujerumani, na wote walianza kama mbwa wa mifugo, ila mifugo tofauti. Rottweiler amechukua jina la mji wa Rottweil, kusini mwa nchi hiyo, ambako mababu zake waliswaga ng'ombe kwenda sokoni na kuvuta mikokoteni ya wauza nyama. Kumsukuma fahali asiyetaka kutembea kunahitaji kifua kipana, shingo nene na moyo usiorudi nyuma, na hayo ndiyo yaliyochaguliwa kizazi baada ya kizazi. Kipimo rasmi cha kimataifa kinampa dume urefu wa sentimita 61 hadi 68 begani na uzito wa kilo 50 hivi, na jike kilo 42. German Shepherd ni mchungaji wa kondoo. Afisa wa jeshi Max von Stephanitz alianzisha chama cha mbwa hao mwaka 1899, akamsajili dume aitwaye Horand kuwa wa kwanza katika kitabu cha ukoo. Mchungaji wa kondoo hasukumi, huzunguka. Siku nzima hukimbia pembezoni mwa kundi, macho na masikio yakiwa kazini, na kitu chochote kikihama mahali pake yeye ndiye wa kwanza kujua. Dume wake ana kilo 30 hadi 40, jike 22 hadi 32. Kwa hiyo pengo la uzito kati ya madume wa vizazi hivi viwili ni kama kilo 10 hadi 20, na pengo hilo litarudi tena na tena katika hoja yangu.

Tuanze na kazi yenyewe. Mwizi anayeingia bomani Budondo usiku anafuata mbuzi, kuku, pikipiki, betri ya sola, labda ng'ombe wa maziwa aliyefungiwa zizini. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon juu ya Mbale anafuata pia kahawa, iwe ingali mtini au imeanikwa. Mtu wa aina hiyo hutegemea mambo mawili, giza na ukimya. Giza hatuwezi kumnyang'anya, ila ukimya tunaweza. Mbwa akibweka, mwenye nyumba anaamka, jirani anaamka, mbwa wa jirani naye anajibu, na mwizi anajua kwamba dakika zake zimehesabiwa. Kazi ya mbwa inaishia hapo. Yanayobaki, kuwasha taa, kupiga yowe, kumpigia simu mwenyekiti wa kijiji, ni ya binadamu. Mbwa anayenyamaza, akamngoja mwizi aingie, akamwangusha chini, amefanya kazi ambayo mwenye nyumba hakuihitaji, na amefungua kesi ambayo mwenye nyumba hataiweza. Wanaomjua Rottweiler vizuri humsifu kwa utulivu wake: habweki ovyo, hutazama kwanza, hupima, kisha hutenda. Sifa hiyo ni njema sana kwa mbwa anayefanya kazi pembeni ya askari aliyefunzwa. Kwa mbwa aliyeachwa peke yake uani saa nane za usiku, ni kasoro.

Kuna ushahidi wa nguvu ya kelele kutoka mahali ambapo adui si mwizi bali ni mnyama mwenye meno. Nchini Namibia, tangu mwaka 1994, shirika la kuhifadhi duma liitwalo Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki, wa aina ya Anatolia na Kangal, wawalinde mbuzi na kondoo. Mbwa wa aina hiyo walipelekwa pia kusini mwa Tanzania, katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Ruaha. Mtu angetegemea kuambiwa kwamba wanashinda kwa kupigana. La hasha, kazi yao kubwa ni kujiweka kati ya kundi na mnyama mwindaji na kubweka kwa sauti kubwa, na duma, ambaye hawezi kuhatarisha mguu wake, huchagua kwenda kutafuta riziki kwingine. Mwizi wa kuku naye hupiga hesabu hiyohiyo.

Sasa tuliangalie boma. Wenye kuta ndefu na mageti bado ni wachache Budondo. Maboma mengi yamezungukwa na uzio wa miti au hayana uzio kabisa, na njia za watu hupita katikati: watoto wa shule, wanawake wanaokwenda kisimani, kijana anayekata njia kwenda kwenye shamba la miwa, bodaboda anayeleta mgeni. Msiba ukitokea, Wasoga, wenyeji wa eneo hili la Busoga, huzika nyumbani, na ua hujaa watu wanaolala hapohapo kwa siku kadhaa, wengi wao hawajawahi kulikanyaga boma hilo. Upande wa Mbale kuna jambo zito zaidi. Kila mwaka wenye namba shufwa ni mwaka wa imbalu, tohara ya Wamasaaba, inayozinduliwa katika uwanja wa Mutoto karibu na mji. Vijana watakaotahiriwa huzunguka kwa jamaa zao wakicheza, njuga mwilini, wamepakwa unga, nyuma yao umati unaoimba. Wanaingia uani bila kubisha hodi, kwa kuwa kuingia kwao ndiyo baraka yenyewe. Mbwa aliyefunzwa kwamba kila mgeni ni adui hawezi kuishi katika jamii ya namna hii bila kumdhuru mtu. Tena Mbale ni mji wenye Waislamu wengi, ndiko kilikofunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda mwaka 1988. Dini yao inaruhusu mbwa wa kulinda, wa mifugo na wa kuwinda, lakini mate ya mbwa kwao ni najisi. Jirani anayekwenda msikitini alfajiri ana haki ya kufika bila kurukiwa na mbwa wa mtu.

Hapo ndipo suala la kuumwa linapoingia, na nitalieleza kwa uangalifu kwa sababu Rottweiler amesingiziwa mengi. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa vifo vya watu 238 walioshambuliwa na mbwa kati ya mwaka 1979 na 1998. Mbwa wa jamii ya pit bull pamoja na Rottweiler walihusika katika zaidi ya nusu ya vifo hivyo. Wengi wamelitumia jambo hilo kutaka kizazi kizima kipigwe marufuku, ilhali watafiti wenyewe walikataa kufika huko. Vizazi zaidi ya 20 vilikuwa vimeua, na idadi ya mbwa wa kila kizazi nchini haikujulikana kwa uhakika. Mwaka 2013 ulitoka uchambuzi mwingine, wa vifo 256 vya miaka ya 2000 hadi 2009, na huo ndio unaotuhusu zaidi. Katika asilimia 87 ya visa hapakuwa na mtu mzima mwenye nguvu wa kuingilia kati. Katika asilimia 85 aliyeuawa hakuwa na mazoea na mbwa huyo. Katika asilimia 84 mbwa hakuwa amehasiwa. Na katika asilimia 76 mbwa alikuwa ametengwa, anaishi mahali pamoja na watu bila kuwa na maisha yoyote pamoja nao. Yasome hayo ukiwa na picha ya boma la Budondo akilini: mbwa aliyefungwa nyuma ya jiko mchana kutwa, hajahasiwa, anafunguliwa usiku, mwenye nyumba yuko kazini Jinja mjini, anayepita ni mtoto wa jirani. Kila sharti la msiba limetimia kabla hatujauliza mbwa ni wa kizazi gani.

Msomaji makini atanikamata hapa. Ikiwa malezi ndiyo yenye uzito, kwa nini nimhukumu Rottweiler? Na si German Shepherd naye huuma? Huuma, na mara nyingi, hasa akiwa mwoga, kwani German Shepherd aliyezaliwa na mama mwenye hofu na kulelewa gizani huwa na meno mepesi kuliko Rottweiler mtulivu. Hoja hii naikubali, na naiongezea nguvu: mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, ukaonyesha kwamba kizazi kinaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kwa hiyo anayekuambia kwamba Rottweiler wote ni wakali, au kwamba German Shepherd wote ni waaminifu, anauza maneno. Lakini utafiti huo ulipima tabia. Mwili ni jambo jingine, na mwili hurithiwa waziwazi. Tuseme mbwa hawa wawili wana uwezekano uleule wa kukosea, mara moja katika maisha yao, siku moja ambapo mtoto amekimbia ghafla. Jike la German Shepherd la kilo 28 likikosea, mtu mzima analivuta. Dume la Rottweiler la kilo 50, kifua chote kikiwa kimeumbwa kumsukuma fahali, haliwezi kuvutwa na bibi aliyebaki nyumbani na wajukuu. Boma likishindwa kuzuia kosa, lichague kosa linaloweza kuzuilika.

Tena kuumwa katika nchi zetu si jeraha tu. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, takriban wanne katika kila kumi wakiwa watoto wa chini ya miaka 15, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Dalili zikishatokea hakuna dawa. Aliyeumwa anatakiwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apate chanjo kwa dozi kadhaa, na kwa familia ya mkulima nauli ya kurudi hospitali mara nne peke yake ni mzigo. Mbwa wako anaweza kuwa amechanjwa vizuri, lakini aliyeumwa hana njia ya kujua hilo usiku ule. Kuna na upande wa sheria. Mahakama za Uganda zimerithi kanuni ya Kiingereza kwamba mwenye mnyama anayemjua kuwa mkali huwajibika kwa madhara yake. Kibao cha “Mbwa Kali” kinachoning'inizwa getini kwa fahari kinaweza kugeuka ushahidi kwamba mwenyewe alijua.

Nihamie kwenye chakula, maana huko ndiko mbwa wengi wakubwa wa Busoga wanakoharibikiwa. Madaktari wa mifugo wana hesabu ya kukadiria nishati anayohitaji mbwa kwa siku kulingana na uzito wake. Kwa hesabu hiyo mbwa mzima wa kilo 50 anahitaji takriban kalori 2,100, wa kilo 35 kama 1,600, na mbwa wa kienyeji wa kilo 15 kama 850. Kalori 2,100 ndicho kiwango kinachotumiwa na mashirika ya misaada kupanga mgao wa siku wa mtu mmoja katika kambi za wakimbizi. Kumleta Rottweiler nyumbani, basi, ni kuongeza mlaji mmoja kamili mezani, ambaye halimi na hapiki. Wala posho, yaani ugali, peke yake haimtoshi. Anahitaji protini, na kwa bahati nzuri ziwa liko karibu, na mukene, yaani dagaa wa Viktoria, wanapatikana, lakini nao wana bei. Mtoto wa mbwa mkubwa anayelishwa posho tupu hukua na mifupa dhaifu, na yule anayejaziwa chakula na madini kupita kiasi ili anenepe upesi hupata viungo vibovu. Vizazi hivi viwili vyote vina tatizo la nyonga la kurithi, na uzito ndio unaolizidisha. German Shepherd mwenye njaa ni msiba, Rottweiler mwenye njaa ni msiba mzito zaidi, kwa kilo zilezile 10 hadi 20.

Kwenye maradhi, haki inanilazimisha kusema jambo lisiloisaidia hoja yangu. Kupe wa mbwa hueneza ugonjwa wa damu uitwao ehrlichiosisi, na German Shepherd ndiye anayeumizwa nao vibaya zaidi. Wakati wa vita vya Vietnam jeshi la Marekani lilipoteza zaidi ya mbwa 150 kwa ugonjwa huo, wengi wakiwa German Shepherd, wakitoka damu puani. Budondo ina ng'ombe, ina nyasi, ina kupe wa kila aina. Mtu anayechukua German Shepherd bila kuwa na fedha za dawa ya kupe mwaka mzima anamchimbia kaburi. Hata hivyo Rottweiler hatoki salama kwenye mizani hii. Yeye ameonekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya parvo, kuhara damu kunakofagia watoto wa mbwa, na akifika utu uzima saratani ya mifupa humwandama kuliko mbwa wengi. Kupe naona mkononi mwangu na naweza kumwondoa kabla hajamaliza kazi yake, kwa dawa ya kudondoshea mgongoni au kwa kumkagua mbwa kila jioni masikioni na katikati ya vidole. Kati ya maradhi ninayoweza kuyazuia kwa bidii na mwili ambao siwezi kuupunguza, nachagua ya kwanza.

Na kuna adui mwingine ambaye Busoga inamfahamu kuliko karibu mahali pengine popote Afrika: mbung'o. Malale, ugonjwa anaoueneza, iliyopiga kingo za Ziwa Viktoria kati ya mwaka 1900 na 1920 iliua watu wanaokadiriwa kuzidi 200,000, wakiwamo wengi wa Busoga, hata serikali ya kikoloni ikahamisha wakazi kutoka ufukweni. Ugonjwa ukarudi Busoga kwa kishindo tangu miaka ya 1970. Vimelea vya jamii ya vile vinavyoleta malale humwingia mbwa pia, na mbwa wa kigeni hana kinga ya mababu. Anapata homa, anakonda, macho yanageuka ya buluu kama yamewekewa ukungu, na asipotibiwa hufa. Mbwa wa kienyeji huugua pia, lakini waliobaki hai leo ni uzao wa walioweza kustahimili. Katika jambo hili Rottweiler na German Shepherd wako sawa, wote ni wageni, na anayewauza bila kumweleza mnunuzi habari za mbung'o hamtendei haki.

Watetezi wa Rottweiler wana hoja yao kuu ambayo haijajibiwa: sura. Mwizi akimwona mbwa mweusi mwenye kichwa kama jiwe, wanasema, hataingia hata kama mbwa habweki. Ni kweli kwa mwizi mgeni, mchana. Lakini mwizi wa kijijini si mgeni. Anaijua nyumba, anajua mbwa analala upande gani, anajua kama amefungwa, na mara nyingi amekwisha kumwona akiwa kitoto. Tena silaha yake ya kawaida dhidi ya mbwa ni kipande cha nyama chenye sumu, na sumu haiulizi ukubwa wa kichwa. Kinachomwokoa mbwa na sumu ni kushiba kabla ya usiku, kulishwa mahali pamoja na chombo kimoja, kufundishwa kutookota kitu chini, na kuwa na mwenzake wa kubweka. Mbwa wawili wa kilo 20 hadi 30 wanaopokezana zamu wana thamani kuliko jitu moja lililolala.

Afadhali pia tuache imani kwamba mbwa huwa mlinzi kwa kufungiwa gizani na kunyimwa watu. Imani hii imeenea kutoka Kampala hadi Mbale, na imeharibu mbwa wengi wazuri. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne ya maisha yake mtoto wa mbwa hujifunza dunia ya kawaida ni ipi. Akikutana na watoto, wazee, baiskeli, mbuzi, ngoma na watu wa mavazi tofauti katika muda huo, baadaye ataweza kutofautisha jambo la kawaida na lisilo la kawaida, na kutofautisha huko ndiko kulinda. Asiyeona kitu hawezi kutofautisha, kwa hiyo kila kitu humtisha, na humbwekea mama mkwe kwa hasira ileile anayombwekea mwizi. Vikosi vinavyowatumia mbwa kwa kazi kweli, kama kikosi cha mbwa cha Polisi ya Uganda au mbwa wanaonusa pembe za ndovu uwanja wa ndege wa Entebbe, huwatembeza katikati ya watu kila siku. Mbwa wao hutulia mbele ya umati kwa sababu wameuzoea.

Hoja ya mwisho inatoka upande mwingine, na ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Kuna wanaosema: kwa nini mnunue mbwa wa Wajerumani, wakati mbwa wetu wa kienyeji anabweka usiku kucha, anakula mabaki, anastahimili kupe na mbung'o, na mwili wake ni mdogo kiasi kwamba kosa lake halimwui mtu? Kwa familia nyingi za Budondo hoja hiyo ni sahihi kabisa. Mbwa wa kienyeji aliyechanjwa, aliyehasiwa, anayelishwa kila jioni, ni mlinzi bora kuliko mbwa yeyote wa kigeni anayekonda kwenye mnyororo. Kama mwenye nyumba hana uzio unaomzuia mbwa, hana daktari wa mifugo wa kumpigia simu, wala hana fedha ya kumlisha mlaji mmoja zaidi, asome hadi hapa na atafute mtoto wa mbwa kwa jirani. German Shepherd ni wa yule mwenye uzio, mwenye mali ya kutosha kuhitaji mbwa anayefundishika, atakayetenganisha ng'ombe, atakayemfuata mlinzi wa usiku kwenye nyumba za wageni zilizo kando ya mto, na atakayekuwa na mtu wa kumfundisha kila siku. Chotara wa German Shepherd na jike hodari wa kienyeji mara nyingi hupata sauti ya baba na uvumilivu wa mama, na sioni aibu yoyote katika kumchagua.

Na Rottweiler je? Ana mahali pake. Ghala la kiwanda mjini Jinja, lenye ukuta kamili, lisilopitiwa na watoto, likiwa na mshika mbwa aliyefunzwa ambaye hampi mtu mwingine kamba, linaweza kumtumia vizuri, kwa kuwa huko utulivu wake na uzito wake vinakuwa chini ya mkono wa binadamu. Mwenye kutaka kumfuga nyumbani na akawa na ukuta, muda na fedha, sitamkataza, ila nitamtaka achukue jike badala ya dume, amhasi, na asimwachie mtoto wala mtumishi amtembeze peke yake.

Aliyekwisha kuamua kumchukua German Shepherd, kazi yake inaanzia kwa muuzaji. Akatae mtoto wa mbwa aliye chini ya wiki nane, hata akiambiwa kwamba wengine wanakaribia kwisha. Aombe kumwona mama, wala asiridhike na picha: mama akijikunja pembeni au kukenua meno kwa mgeni aliyesimama na mwenye nyumba wake, wanawe wamekwisha kurithi nusu ya tatizo. Amtazame mgongo. Wale wenye mgongo ulioteremka na miguu ya nyuma inayoburuta wamezalishwa kwa ajili ya maonyesho, na mteremko wa Wanale, mlima ulio juu ya Mbale, utawashinda kabla hawajafika miaka mitano. Adai karatasi za chanjo zenye saini ya daktari wa mifugo, ahakikishe parvo inarudiwa hadi wiki ya 16, na chanjo ya kichaa cha mbwa inapangiwa tarehe siku hiyohiyo ya kununua. Halafu, kabla hajatoa shilingi hata moja, azungumze na majirani wa pande zote nne, awaambie ni mbwa gani anakuja, atakaa wapi, na nani atakuwa na ufunguo wa geti akisafiri.